Severini Kobelo na Upepo wa Gurudumu la Mgeta

Ndugu waombolezaji, familia ya Kobelo inawasomea maisha ya Severini kama yalivyokuwa, pamoja na sehemu moja aliyoagiza mwenyewe isomwe bila kupunguzwa neno, kwa sababu wapo waliosema alidanganya.

Severini alizaliwa tarehe 12 Mei 1975 katika kijiji cha Langali, Mgeta, akafuatiwa na mdogo wake wa pekee, Devotha, na baba yao alipofariki wakalelewa na mama. Alisoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia 1983 hadi 1989, mwaka 1993 akateremka Kihonda kujifunza ufundi wa pikipiki, na mwaka 2001 akafungua karakana yake Bigwa. Tarehe 7 Agosti 1999 alifunga ndoa na Scholastika, wakajaliwa watoto watatu, Magreth, Leonsia na Prosper.

Jumanne ya tarehe 11 Novemba 2014, Devotha alifika karakanani akitaka kupelekwa kwa mama, Severini akamwambia, "Subiri nimalize tairi hili, nitakupeleka mwenyewe." Dada alisubiri, akachoka, akapanda bodaboda ya Mikidadi kuelekea Mgeta, na tangu hapo hakuonekana yeye, wala Mikidadi, wala pikipiki. Severini aliwaulizia katika kila kijiji kuanzia Mlali kupanda milimani, na kila alipokwenda nyumbani mama alimuuliza swali moja tu, "Lile tairi lilikuwa la nani?", naye hakukumbuka.

Sehemu aliyoagiza ni hii. Alhamisi ya tarehe 3 Juni 2021, saa saba mchana, bodaboda mmoja aitwaye Godlisten alileta gurudumu la nyuma aliloliokota mtoni baada ya masika, rimu ikiwa na kutu lakini tairi limejaa upepo, akaomba livuliwe tairi hilo kuukuu ili afunge jipya. Severini alililaza juu ya gunia kama alivyozoea, akafuta tope, akagusa spoki moja moja, akafungua kifuniko cha valvu na kuchomoa sindano yake ili upepo utoke, kazi ambayo kwa kawaida haifiki dakika moja. Upepo ukatoka, ukaendelea kutoka, wa baridi kama wa milimani wakati Bigwa yote inaungua jua, ukipuliza kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, hadi Riyaz mwenye duka la spea la jirani akaacha wateja na kuja kusimama pale. Godlisten alisema, "Fundi, liache, mimi silitaki tena," lakini Severini hakunyanyuka, na upepo ule ulikatika pale adhana ya alasiri ilipoanza.

Ndipo alipofungua nati ya valvu, akapaka maji ya sabuni pembeni, akakanyaga tairi kwa kisigino kulizunguka lote mpaka likaachana na rimu, akaingiza vyuma vyake viwili na kulivua. Ndani, mpira wa tyubu ulikuwa umechanika siku nyingi, mpasuko mrefu kama kiganja, haukuweza kushika upepo hata wa kupuliza kwa mdomo, na pembeni yake ilishindiliwa khanga, kama wanavyofanya bodaboda wakipata pancha mbali na fundi. Severini aliikunjua, akaona pindo la uzi mwekundu ambalo mama alimshonea Devotha kwa mkono wake, akakaa chini.

Jumamosi iliyofuata Godlisten aliwaongoza ndugu hadi pale mtoni, wakapanda kufuata maji kwa saa tano, wakaingia korongo ambalo halionekani kutoka barabarani. Walikuta mabaki ya watu wawili na pikipiki isiyo na gurudumu la nyuma, na gurudumu lake la mbele lilikuwa likizunguka polepole, hewani, pasipo maji kuligusa wala jani kutikisika, likasimama Severini alipoliwekea mkono. Waliokuwepo ni tisa, na saba kati yao wamo msibani hapa.

Polisi walipomaliza kazi yao, Mikidadi alirudishwa kwa wazazi wake, na Devotha akazikwa Langali tarehe 26 Juni 2021. Mama aliishi mwaka mmoja zaidi, na kwa muda huo wote hakuuliza tena lile swali.

Desemba 2024 miguu ya Severini ilianza kuvimba, akagundulika kuwa na maradhi ya moyo, na Jumatano tarehe 19 Februari 2025, saa nne asubuhi, akafariki hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa Scholastika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Bigwa, mafundi wenzake, Riyaz aliyefunga duka siku tatu, na Godlisten, ambaye tumemwona amesimama nje, tunamwomba aingie akae na wafiwa. Kaburi limechimbwa Langali, kati ya mama na Devotha, na kwa kuwa njia ni ya utelezi tunaomba pikipiki zipande polepole, zisiachane.

Kaka Severini, umefika nyumbani, pumzika sasa kwa amani.