Kesho Itaachia: Maisha ya Fundi Kesho

Marehemu, ambaye wengi wenu hamkumjua kwa jina lingine ila Fundi Kesho, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba watoto wa wenzake aliwapokea bila shida, ila huyu wa kwake alimgomea mpaka mkunga mwenzake akachoka, akaenda kunywa chai. Aliporudi, mtoto kashazaliwa, katulia, hata kulia halii. Kwa hiyo msimlaumu. Haraka hakuzaliwa nayo.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa mkabala na kiwanda hicho, kisha chuo cha ufundi, akamaliza mwaka 1971. Mwalimu wa mitambo alimwandikia kwenye ripoti: "Anaweza, ila hana haraka." Baba yake alisoma akanuna. Yeye alidhani amesifiwa.

Mwaka 1972 aliajiriwa hospitalini kutunza mashine za kufulia mashuka, na mwaka 1989 akafungua karakana yake kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko. Humo neno moja lilipigwa marufuku. Mteja akifika na mashine yake kwenye mkokoteni, akasema, "Fundi, hii imekufa," aliulizwa kwa upole kama ameshaizika. Kisha aliambiwa: "Haijafa, imeshika tu. Kesho itaachia." Na kweli, mashine nyingi za zamani zilizoletwa kwake ziliugua ugonjwa mmoja. Zimekaa bila kazi, maji yamepenya kwenye sanduku la gia, grisi imeganda kama gundi, shafti haiendi kushoto wala kulia. Mafundi wengine walichukua nyundo. Yeye alimimina mafuta mepesi, akalifunika sanduku kwa kitambaa cha moto, akanawa mikono. "Iache inywe," alisema, akaenda zake nyumbani. Wateja walimsema vibaya, tusifichane, wengine mko hapa hapa. Lakini gia ikilazimishwa hung'oka meno, na meno ya mashine hizo hayakuwa yakiuzwa tena popote.

Hata mke alimpata kwa gia hiyo hiyo. Alikuwa dobi pale hospitalini, binti mwenye ulimi mkali, na mashine yake kubwa nyeupe iligoma akiwa na mlima wa mashuka. Aliambiwa kesho. Kesho ilipofika akaambiwa bado inakunywa. Ikawa hivyo hivyo, fundi anakuja, anaweka tone, anapiga soga, anaondoka, na binti anafua kwa mikono huku akimsema kwa kila shuka. Siku moja fundi akiwa bado hajafika, alikamata puli, lile gurudumu linalovutwa na mkanda, kwa hasira akaisukuma. Ikazunguka laini kabisa. Ilikuwa imeachia zamani. Alimsubiri mlangoni, mikono kiunoni, na marehemu alijitetea kwamba mashine ile ilikuwa na kiu isiyo ya kawaida. Walifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1975. Hospitali ilipoleta mashine mpya, ile kuukuu waliihamishia kwao, ikafua nepi za watoto wao watatu na baadaye za wajukuu.

Mwezi Januari mwaka huu marehemu alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala. Mkewe alihamia hospitalini kumuuguza, na mashine ikakaa peke yake uani bila kuguswa. Waliporudi nyumbani, fundi kabebwa, na mashine nayo haigeuki. Wageni waliokuja kumpa pole walijibiwa kwa ulimi mzito: "Nimeshika tu." Kitanda chake kiliwekwa sebuleni, akawa anaitazama mashine kupitia mlango wa uani. Alisema wazi kwamba alitaka kuisikia ikizunguka kabla hajaondoka, hana jingine. Mkewe aliingia jikoni akalia.

Kitinda mimba wao alitaka kununua mpya. Kaka yake akaja na nyundo. Mama yao aliwatimua wote wawili. Alikaa mwenyewe sakafuni, magoti yakimuuma, akafungua nati alizoelekezwa kutoka kitandani, akatoa mkanda na mota, akamimina mafuta, akalikanda sanduku la gia kwa vitambaa vya moto. Kisha aliingia ndani, akaukanda mkono wa mumewe. Kila jioni aliisukuma puli kidogo mbele, kidogo nyuma, akarudi kumwambia bado inakunywa. Naye alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, maana alijua maneno hayo yalikotoka.

Tarehe 9 Juni, saa nane mchana, hali yake ilibadilika. Mkewe aliukamata mkono wake kwa nguvu zote, akamsihi asubiri, mashine bado.  "Usilazimishe," marehemu alimwambia. Mkewe akalegeza vidole, na baada ya muda mfupi mumewe alifariki.

Asubuhi iliyofuata, nyumba ikiwa imejaa watu, mkewe alitoka uani na shuka la marehemu ili alifue kwa mikono. Alipopita kwenye mashine aliigusa puli kwa mazoea tu. Alirudi akaigusa tena, kisha akamwita mdogo wa marehemu, ambaye ndiye anayewasomea haya.

"Wifi, njoo ushike hapa."

Wifi yake alishika. Ilizunguka.

"Si alisema kesho," mkewe alisema, na hapo ndipo alipolia kwa sauti mbele ya watu.

Wanawe waliirudishia mkanda na mota. Leo asubuhi jeneza lilipoingizwa sebuleni, mlango wa uani uliachwa wazi na mashine ikawashwa. Mliosikia ule mngurumo mkanong'onezana ni nani huyo anafua siku ya msiba, hakuna aliyekuwa anafua. Ilikuwa tupu.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake wa kike, na mashine kadhaa karakanini, ambazo wenyewe wanaombwa wasizifuate na nyundo.

Apumzike kwa amani, na mtu asimharakishe.