Mzee Achola Aweka Kamera Chini

Baada ya miaka ishirini na saba ya kurekodi video za mazishi ya watu asiowajua, Mzee Calvince Achola anastaafu leo, Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Kampuni yetu ndogo hapa Kisumu inampoteza mpiga picha. Marehemu wa eneo zima wanampoteza shahidi wao.

Alianza enzi za kanda, kamera ikiwa nzito kuliko baadhi ya majeneza. Tangu hapo amewarekodi wanasiasa wakisalimia kamera kabla ya wafiwa, na wahubiri wakimpeleka mbinguni marehemu ambaye jina lake wamelisahau. Kule Ahero, mafuriko yalipofunika njia ya kaburini, alivuka maji yakimfika kifuani, kamera juu ya kichwa. Kampuni ilimjali sana: iliuliza kama kamera iko salama.

Katika mazishi mengine, mama mmoja aliomboleza mpaka akagaagaa chini, kisha akainuka, akajipangusa vumbi na kumfuata.

“Umenichukua? Kama hujanichukua, narudia.”

“Mama, ulilia vizuri sana,” Mzee alimjibu. “Mara moja inatosha.”

Mwaka jana alifiwa na mkewe, Beldina, aliyekuwa akiuza mitumba katika soko la Kibuye. Mkurugenzi wetu, Bwana Waswa, mtu mwenye huruma nyingi, alimpa pole ya droni: kamera ya kuruka juu ya kaburi, bure kabisa. Siku za mapumziko hakuzikumbuka. Mzee aliikataa droni, akasema atarekodi mwenyewe.

Nyumbani Awasi watu walinong'ona. Mume gani anamzika mkewe akiwa nyuma ya kamera? Fabian, kakake Beldina, alimwendea.

“Shemeji, weka hiyo kitu chini. Njoo ukae na watu.”

“Nikiiweka chini, nitamwona,” Mzee akasema.

Aliiweka chini jeneza lilipoanza kushuka. Hakuizima. Ndiyo maana filamu bora kuliko zote za kampuni yetu haina mwanasiasa hata mmoja. Ina nyasi, viatu vya waombolezaji, kuku mmoja anayepita na haraka zake, na sauti ya mwanamume anayelia. Kisha sauti hiyo inasema:

“Beldina, wanasema huko hakuna kuchoka. Sasa wewe utakaa bila kazi namna gani? Kama ni kweli mnatuona, leo usiniangalie. Nisubiri tu. Lakini usiniharakishe.”

Bwana Waswa, mpenzi mkubwa wa sanaa, alipoitazama ofisini alishauri iongezwe kinanda na njiwa weupe, halafu iwekwe mtandaoni kutangaza kampuni.

“Ukiweka muziki, mimi natoka leo,” Mzee akamwambia.

Sisi wa uhariri tulimuunga mkono kwa ujasiri mkubwa: tuliangalia sakafu. Mkurugenzi akaomba aione tena kutoka mwanzo. Ilipoisha hakutoa ushauri wowote, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kesho yake alisafiri Bungoma kwenye kaburi la mamake; siku ya kumzika mama huyo, mkurugenzi alishinda kwenye simu na wateja. Aliporudi alimwachia Mzee filamu yake kama ilivyo, na akampa mwezi mzima wa mapumziko, akisema alikuwa na nia hiyo tangu zamani. Tulimwamini, bila shaka.

Mzee ameomba sherehe ya leo isirekodiwe. Kampuni ya video imekubali. Hotuba ya mkurugenzi itasahaulika kama zile nyingine zote, ila mapema kidogo.

Asante, Mzee Achola. Umetufundisha kunyamaza, ingawa, kama unavyosoma hapa, bado tunajifunza. Nenda Awasi ukapumzike, lile pumziko la mtu anayeamka asubuhi, akanywa chai, akalala tena. Lile jingine lina njia yake ya kufika. Tunakuombea lipotee njia kwa miaka mingi.

Valarie, Idara ya Uhariri