Kipande cha Mwisho cha Clifford Ormerod

Mgeni rasmi, Bi. Judith Ormerod, sisi wafumaji wa kiwanda cha sufu cha Mirkdale tumesimama mbele yako kwa heshima.

UKARIBISHO
Karibu kwenu. Chai ya maziwa ipo, na samaki wa kukaanga na chipsi, kama alivyopenda marehemu baba yako.

HISTORIA
Clifford alizaliwa hapa, mama yake mfumaji mwenzetu. Alikwenda London kijana, akabeba nyaya za taa studio, mwisho akawa mwongozaji wa filamu anayetajwa Uingereza nzima. Lakini kila alipotaka nyuso za watu wa kazi, alirudi kwetu.

MAFANIKIO
Tumeonekana katika filamu zake nyingi. Alitufundisha kwamba maneno yakiisha tusiondoke, kamera inaendelea. Alisema mtu huonekana alivyo akishachoka kuigiza. Yeye akivua kofia, ndiyo ishara kwamba tumemaliza. Mmoja akijitikisa kabla ya hapo, tunarudia wote.

CHANGAMOTO
Siku ile ya mvua tuliigiza wanawake wanaongoja habari za moto kiwandani. Kiti chake kilikuwa langoni, ubavuni mwa kamera, akatuambia tumtazame yeye. Maneno yakaisha. Kofia haikuvuliwa. Edna akanong'ona, "Mbona leo anatuweka?" Mama Hilda akamjibu midomo imefungwa, "Nyamaza wewe. Ukigeuka atatuanzisha upya, na mimi nimelowa mpaka mifupa." Tukasimama. Hata mpiga picha alingoja, mpaka mkanda ulipomwishia ndani ya kamera. Hapo ndipo alipomgusa baba yako bega.

Tumesikia kipande kile cha filamu umekifungia, na kwamba kitachomwa. Tumesikia pia ulivyosema, kwamba tulisimama kama magogo baba yako akikata roho. Ni kweli, kusimama tulisimama.

MAOMBI
Tunaomba usikichome. Hatutaki sifa. Tunaomba ukitazame pamoja nasi, hapa hapa ukumbini, tukiwa tumekaa nawe.

Wewe ulikuwa London, na ulipewa habari kwamba alikufa peke yake mvuani. Kipande kile hakimwonyeshi yeye. Kinatuonyesha sisi, wazee kwa wasichana, nywele zimetushika usoni, na kila jicho liko kwake. Hakuna hata mmoja aliyetazama pembeni mpaka mwisho.

Mungu akushike mkono, Judith, na amlaze pema baba yako.

Ni sisi, wafumaji wa Mirkdale.
Imesomwa kwa niaba yao na Maureen Holroyd.