Mfupa Ndani ya Dengu

Sikilizeni wanangu, na wewe Flavian acha kutazama dirishani, maana ninayemsema ni wewe. Mnajua jinsi padre alivyonikuta Jumamosi: amekuja kunipaka mafuta ya wagonjwa, ameshasali, ananiomba mikono, na mimi mikono sitoi. Akadhani nimepooza. Akafunua blanketi kwa huruma, akakuta nimekumbatia bakuli la dengu lenye pilipili alizonikataza daktari, nililoliagiza kwa siri kutoka hotelini kwetu. Mchuzi ukamrukia mpaka kwenye stola yake ya shingoni. Mzee mzima, mpishi wa miaka na miaka, nataka kuingia mbinguni na shati la manjano! Chekeni. Hata mimi nilicheka, mpaka nilipokisikia kitu kigumu kati ya meno.

Kilikuwa kipande cha mfupa wa ng'ombe.

Nilipokuuliza, Flavian, ulinijibu bila haya: "Baba, wanunuzi wa mahindi wa Laela wanataka ladha ya nyama. Siku hizi ni soko huria." Tangu hapo nilikuwa nakusanya hasira kama mtu anayekusanya kuni, na leo zimetosha. Soko ni huria, sufuria si huria! Ratilal fundi saa amekula kwenye meza ile ya pembeni kila mchana tangu nifungue mwaka wa themanini na saba. Dini yake haimruhusu kuonja nyama, na katika miaka yote minane hajauliza hata siku moja kilichomo sahanini. Hakuuliza kwa sababu alikuwa kwangu, kwa Marselino. Jina hilo ndilo ulilolichemsha pamoja na mfupa wako, mshenzi wewe!

Mimi nilitoka Mwimbi juu ya lori la mahindi, kijana mwenye masikio makubwa kuliko akili, nikafika Dar es Salaam, nikapata kazi ya kuosha vyombo kwa Mama Kamla, mjane wa Kihindi mwenye hoteli ya mabenchi manne kule Kisutu. Pale hapakuingia nyama wala yai. Palikuwa na dengu, chapati, wali na achari, kwa bei iliyowakalisha karani, mchukuzi na mwanafunzi benchi moja, na upawa wa pili ulikuwa bure. Wiki yangu ya kwanza nikashikwa na hamu ya nyumbani, nikatoa dagaa wa Kasanga alionifungia mama, nikawachemsha. Kwenye sufuria gani? Ileile ya dengu! Nikajiona nimewasaidia, sasa mchuzi utanoga.

Saa sita, watu wamejaa mpaka barabarani, Mama Kamla akanusa. Aliinyanyua sufuria mwenyewe, mwanamke mwembamba kama upawa wake, akamwaga chakula chote mtaroni na sufuria akaitupa jalalani. Kisha akasimama mlangoni, akawaambia wateja, "Leo hakuna chakula. Kijana wangu amekosea, na mimi sikuwa nimemfundisha. Mnisamehe." Hakunifukuza. Angenifukuza, ningesahau.

Lakini wewe nilikufundisha, Flavian. Hapo ndipo panaponiuma kuliko haya mapafu.

Basi shikeni. Shamba la Mwimbi na ng'ombe sita ni vyako Flavian, huko chemsha mifupa mpaka uchoke. Nyumba ya Izia kaeni wote wawili, asimtoe mtu mwenziwe. Hoteli ni ya Redempta. Najua wajomba zenu watasema binti harithi kama kaka yupo. Waambieni mfupa uliomshinda fisi, mbwa hauwezi; kifo chenyewe hakijanibadili nia, sembuse wao. Na upawa wa pili ubaki bure, hata kama aliyekaa mezani ni mnunuzi wa Laela mwenye gari lake nje.

Ile sufuria uliyochemshia mfupa itupwe. Isikwanguliwe, isisuguliwe kwa majivu, itupwe! Na wewe Flavian uende kwa Ratilal kwa miguu yako, umwambie alichokula, usimame pale mpaka amalize kukutukana, na akinyamaza usimame zaidi, maana njia ya mwongo ni fupi na wewe umefika mwisho wake... Nipeni maji... Asante. Asiporudi tena, ni haki yake.

Nisogeleeni. Flavian, lete kichwa chako hapa. Kigumu kama cha baba yako... Hasira yangu naondoka nayo mwenyewe, sikuachii. Mungu awape mikono misafi. Awape wageni wenye njaa, na cha kuwapa... Msilie kwa makelele, upepo wa Ufipa unapiga kelele za kutosha... Sufuria... msisahau ile... Redempta, mbona unatikisa kichwa? Sema, mama.

"Sufuria niliitupa Jumamosi ileile, baba. Na Flavian nilimpeleka kwa Ratilal mimi leo asubuhi, nimemshika shati. Ratilal kasema kesho atakuja kula, mradi napika mimi. Sasa nyamaza, ulale."