Bibi Komeo: Maisha ya Dada Yetu wa Kituo cha Wanyama

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kusimama nasi, familia imenituma mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bibi Komeo, na nawaomba mapema mnivumilie, kwa sababu nimeambiwa nisome kwa upole, na upole huo nimeutafuta tangu jana sijauona.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wetu, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba aliyekuwa fundi seremala na mama aliyekuwa mshonaji, na inasemekana alipotoa kilio chake cha kwanza mkunga alicheka akasema huyu haonewi na mtu, jambo ambalo sisi wadogo zake tulilithibitisha kila tulipojaribu kumnyang'anya kitu. Karakana ya baba ilikuwa uani, na humo ndimo dada alimoshinda, akimshikia baba mbao, akiwapa maziwa paka waliokuja kuwinda panya, akajifunza kuchonga milango na kutengeneza makomeo, kazi ambayo baadaye ilimpa jina.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966, akaingia sekondari mwaka 1973 na kumaliza mwaka 1976, kisha akajiunga na chuo cha afya ya mifugo, akapata cheti chake mwezi Novemba 1979. Wapo waliomwambia mama yetu, tena mezani kwake, wakinywa chai yake, kwamba binti ameshindwa kutibu watu ndiyo maana ameangukia kwa mbwa, nami leo nataka niwajibu waliobaki hai kwamba dada hakushindwa kitu, aliandika mifugo chaguo la kwanza, akaandika mifugo chaguo la pili, na la tatu akaliacha wazi.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa lori, ambaye mnamwona ameketi hapa mbele, mtu ambaye manyoya ya paka humpigisha chafya tangu utotoni, na ambaye alioa akijua hivyo, akapiga chafya zake miaka arobaini bila kununa, ila siku moja moja akilalamika kwamba wanaume wenzake hutembelewa na wageni wanaobisha hodi, yeye akiamka anamkuta mgeni amelala ndani ya kofia yake. Walijaliwa watoto wawili, kifungua mimba wao ni binti, ambaye ni muuguzi, na kitinda mimba ni wa kiume, fundi umeme, na wote wawili wamekua wakijua kwamba mama yao hakai kula kabla wa mabandani hawajala.

Baada ya miaka kadhaa katika zahanati ya mifugo, marehemu aliajiriwa tarehe 2 Septemba 1991 kuwa mtunzaji wa kwanza wa kituo cha wanyama waliotupwa, ambacho wakati huo kilikuwa ghala bovu nyuma ya soko, bati limetoboka, mfereji wa maji machafu unapita mlangoni, na bomba la maji linatoa upepo. Ni yeye aliyejenga mabanda ya awali kwa mkono wake, kwa mbao za karakana ya baba, na kila banda akalitia komeo la mti mgumu, zito, ambalo likisukumwa hutoa mlio unaosikika hadi barabarani.

Mwaka uleule wa kwanza, mtu mmoja alikuja alfajiri akafunga mbwa kwenye lango akaondoka, na mbwa yule akakaa akitazama njia aliyopita bwana wake, akapewa nyama akaikataa, akapewa maji akayakataa, akabebwa ndani akarudi langoni, mpaka akafa palepale macho yakiwa barabarani. Dada alimzika, akaosha mikono, akatunga kanuni ambayo hakuivunja maisha yake yote, kwamba kituo hakipokei mnyama langoni, na hakipokei kwa mkono wa kutumwa, bali mwenye mnyama ataingia naye, atamfikisha bandani, atamwita kwa jina lake amuage, kisha atasukuma komeo kwa mkono wake mwenyewe, ili mnyama ajue nani amefunga na asikae kumngoja.

Walimsema sana kwa hilo. Wakasema ana roho mbaya, anawatesa watu waliokwisha kuamua, na wengine, wenye magari ya viyoyozi, wakasema hawakuja kufundishwa adabu na mwosha mavi ya mbwa. Lakini ndugu zangu, mkuki kwa nguruwe mtamu, maana ni haohao waliomnunulia mtoto kijibwa cha zawadi, likizo ikaisha wakamrudisha kama kiatu kisichotosha, ni haohao waliohamia nyumba mpya wakakumbuka kubeba mapazia na kumsahau paka, na yuko mama mmoja aliyeleta mbwa aliyekaa naye miaka tisa kwa kuwa rangi yake haiendani na makochi mapya. Wapo waliotia vitoto vya paka katika mfuko wa saruji, wakaufunga kwa waya, wakautupa juu ya ukuta, na dada akakaa sakafuni akiufungua kwa koleo, na mimi nilikuwepo, na vilivyotoka hai vilikuwa viwili. Kisha waje wageni wa heshima siku ya kukabidhi gunia moja la chakula, wapigwe picha na mbwa aliyeogeshwa, wakimaliza wapanguse mikono kwa leso.

Msidhani alikaa huko kwa uchungu tu, la hasha, dada alipenda kazi yake kuliko wengi wenu mnavyopenda zenu. Kati ya waliofika kwenye komeo, wengi mkono uliwawia mzito, wakasimama pale, wakapangusa macho, wakageuka na mnyama wao wakarudi nyumbani, na hao ndio aliowahesabu kuwa mshahara wake, kwa sababu ule mwingine mnaujua. Alipenda kumtaja fundi cherehani aliyefiwa na mke, aliyekuja kutafuta paka wa panya, akaondoka na kikongwe chenye jicho moja kisichoweza kukamata hata mende, na tangu hapo kila Jumamosi akawa anapita kituoni kueleza paka amekula nini na amelala wapi, dada akimsikiliza mpaka mwisho kana kwamba anapewa habari za mjukuu. Yupo pia mbwa jike aliyeletwa na mnyororo umezama ndani ya nyama ya shingo, ambaye kwa wiki nyingi aling'ata kila mkono uliomkaribia, halafu asubuhi moja akaweka kichwa chake juu ya kiatu cha dada, na dada, ambaye hatukumwona akilia siku ya kumzika baba, alilia siku hiyo.

Sasa nafika pale ambapo wazee waliniomba nipite haraka, nami sitapita haraka. Mwezi Mei 2018, mwenyekiti wa kamati ya kituo, ambaye yupo hapa leo na tunamshukuru kwa shada lake la maua, alimtuma dereva wake alete mbwa wa nyumbani kwake, mzee, kipofu wa jicho moja, kwa maelezo kwamba ananuka sebuleni. Dada alimwambia dereva, kwa adabu zote, kwamba yeye si mwenye mbwa, arudi akamwite mwenye mbwa. Mwenyekiti akapiga simu, akaambiwa vilevile, akauliza kama huyu mama anajua anaongea na nani, na dada akamjibu kwamba anajua sana, tena ndiyo maana anamtaka yeye. Dereva, maskini, akakaa kwenye benchi mpaka jioni na kamba mkononi, kazi yake iko hatarini huku na huku, mwishowe dada akamwonea huruma, akamwambia aiache kamba kwenye mguu wa meza yake, mbwa huyu hajapokewa, ni mgeni tu anayemngoja mwenyeji wake.

Alingoja miaka sita. Hakuingizwa bandani hata siku moja, alilala chini ya meza ya dada, akaitwa Mgeni, na mwenyekiti hakuja, ila tangu mwaka huo kila kikao cha kamati kikawa na ajenda ya kufunga kituo, mara eneo linahitajika kwa maegesho, mara majirani wanalalamikia kelele, ingawa majirani wenyewe mko hapa na hakuna aliyeulizwa.

Marehemu alianza kuugua figo mwishoni mwa mwaka 2022, na wale mliosambaza kwamba amepata ugonjwa kwa mbwa, daktari wake yupo, mwulizeni, msitufanye watoto. Alitibiwa kwa muda mrefu, akitoka hospitali mchana na kupitia kituoni kabla ya nyumbani, mpaka alipolazwa kwa mara ya mwisho mwezi Mei mwaka huu wa 2024. Akiwa kitandani hapo, mlinzi wa kituo alifika akilia, kwa kuwa mwenyekiti alikuwa amemtuma amwambie dada kwamba kituo kitafungwa mwisho wa mwezi wa sita, na wanyama wasiochukuliwa watachomwa sindano ya kuwaua. Alimtuma mlinzi, ndugu zangu, kama alivyomtuma dereva. Dada akamwambia mlinzi asilie, akamwambie bwana mkubwa kwamba kanuni haijabadilika, anayetaka kufunga aje afunge kwa mkono wake, na hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasema kuhusu kazi. Alifariki alfajiri ya tarehe 2 Juni, binti yake akiwa amemshika mkono.

Juzi familia ilikaa kikao, na mjomba akashauri, kwa nia njema, kwamba Mgeni ni mzee, naye achomwe sindano yaishe. Tukamwuliza nani atamfikisha, atamwita jina na kumfungia, ndipo shemeji yetu akainuka, akapiga chafya, akashika kamba, akasema Mgeni bado anamngoja mwenyeji wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliotupikia na kulala nasi, fundi cherehani aliyeshona sanda bila kutaka malipo, na wafanyakazi wenzake marehemu, mlinzi akiwa wa kwanza, ambao asubuhi ya leo wamelisha kila banda kabla ya kuja hapa, kwa sababu walijua atauliza.

Nawe mwenyekiti tunakushukuru kwa kufika, safari hii umekuja mwenyewe. Mgeni yuko pale mlangoni kwa shemeji, amesikia sauti yako tangu ulipotoa salamu za rambirambi, na kama mlioko nyuma mnavyoona, amesimama na mkia unatikisika. Kituo hakiko mbali, komeo mlinzi amelipaka mafuta, na sisi sote tutakusindikiza.

Pumzika kwa amani, dada, wa kwako wameshakula.