Kaimu na Mechi Tatu za Mwisho

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake wa kike, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Kaimu, na wazee wamenisihi nisome kwa upole, nitajaribu.

Kaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba za reli, mtoto wa pili wa fundi wa kuchomelea na mama mshona nguo, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya karakana, kisha sekondari, kisha chuo cha ualimu alichohitimu mwaka 1989. Alicheza beki wa kushoto katika timu yetu hii hadi goti lilipomkatalia, na mwaka 1996 akawa kocha msaidizi. Tarehe 5 Septemba 1998 alifunga ndoa na wifi yangu, muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 2015 timu ilinunuliwa na mkandarasi, huyu aliyekaa hapa mstari wa mbele, na tangu hapo makocha wakuu wakawa wapita njia, wanakuja na mabegi, wanafukuzwa kabla hawajayafungua, na kila mmoja akiondoka kaka anaitwa awe kaimu, anaitoa timu mkiani, halafu analetwa mwingine. Kazi yenyewe hakupewa hata siku moja. Asante ya punda ni mateke. Msimu huu mwenye timu aliuza kipa na nahodha ligi ikiwa katikati, akampa shemeji yake ukurugenzi wa ufundi, mtu ambaye mpira anaujua kwa kuutazama, na kikosi kikawa kinapangwa kwa simu kutoka jukwaani.

Mwezi wa nne daktari alimwambia kaka apumzike, lakini mwenye timu, akiwa amemfukuza kocha mwingine tena, akaja sebuleni kwake, akanywa chai ya wifi, akasema, "Mwalimu, nisaidie mechi tatu tu, tusishuke daraja." Kaka akashinda mbili. Siku ya ile ya tatu, tarehe 10 Mei, akaamriwa amchezeshe mshambuliaji mwenye goti lililovimba, kwa sababu mnunuzi alikuwa amekuja kumtazama, naye akajibu, "Bosi, huyu ni mtoto wa watu, si gari la mnada." Akafukuzwa pale pale, mbele ya wachezaji waliokuwa wakifunga viatu, shemeji akakaa benchi, kijana mwenyewe akagoma kucheza, tukafungwa manne, tukashuka, na jioni mwenye timu akatangaza redioni kwamba aliyetuangusha ni Kaimu. Kaka aliyasikia akiwa jikoni, akazima redio, akaomba maji, na tangu hapo hakuinuka vizuri.

Alilazwa tarehe 12 Mei, akafariki tarehe 19 mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Daktari ameandika shinikizo la damu, nasi hatubishani na daktari, ila damu haijishinikizi yenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kulala nasi, na wachezaji waliobeba jeneza, akiwemo mshambuliaji yule, aliyeingia hapa kwa miguu yake mwenyewe. Mwenye timu ameleta shada la maua na kuomba nafasi ya kuzungumza. Shada tumelipokea. Nafasi hatumpi.

Kaka, kazi umeifanya, sasa pumzika, amani iwe nawe.