Protase Kahangwa, Muuza Jibini wa Bukoba

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, wakwe zetu kutoka Nshamba, majirani wa Kitendaguro na ninyi nyote mlioacha kazi zenu kuja Buganguzi kumsindikiza mzee wetu, familia inaomba utulivu wenu isome maisha yake, kwa kuwa wengi hapa mmemjua kwa kazi yake na wachache kwa jina lake.

Protase Kahangwa alizaliwa tarehe 3 Machi 1956 hapa Buganguzi, wilaya ya Muleba, mtoto wa kwanza wa Ta Kahangwa na Ma Adventina, wakulima wa kahawa na migomba, akabatizwa mwezi uliofuata. Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, na hakuwa na ndoto nyingine ila kuendesha lori, aende mbali na arudi akiwa na habari za kusimulia. Lakini mwaka 1972 baba yake alimpeleka kwa masista waliokuwa na ng'ombe wa maziwa, akasaidie kwa mwaka mmoja tu, na mwaka huo mmoja ukawa miaka kumi na mitano.

Huko ndiko Sista Tekla alikomfundisha kugandisha maziwa, kuyakamua maji, kutia chumvi na kungoja. Alimfundisha pia kwamba kutengeneza jibini ni kazi moja na kuiuza ni kazi nyingine, kwamba muuza jibini si mchuuzi wa kupanga vitu mezani, bali ni mtu anayejua kila donge lina umri gani, lipi likatwe leo, lipi liachwe likomae, na lipi linamfaa mgeni aliyesimama mbele yake. Maneno hayo Protase aliyashika, na tangu siku hiyo mtu akimwita mfanyabiashara alimsahihisha kwa upole, "Mimi ni muuza jibini."

Tarehe 12 Novemba 1983 alifunga ndoa na Vestina, binti wa Mzee Kagaruki wa Nshamba, wakajaliwa watoto wanne, mmoja akatangulia akiwa mchanga, wakabaki Evelyne, Joackim na Esther. Mwaka 1987 walihamia Kitendaguro, akafungua duka Bukoba mjini, karibu na soko, lenye chumba cha nyuma chenye kuta nene za mawe na baridi ya kutosha, akawauzia mapadre, wenye hoteli, madaktari, na polepole hata watu wa kawaida waliokuja kuonja kwa udadisi.

Ndugu waombolezaji, jibini haina sikukuu. Kila asubuhi na kila jioni ilitaka kugeuzwa, kupanguswa, kupakwa chumvi, na mikono aliyoiamini ilikuwa yake tu. Mama yake alipofariki mwaka 1998 alifika hapa asubuhi, akazika, na kabla watu hawajanawa mikono akawa njiani kurudi mjini, jambo lililowauma ndugu. Evelyne alipoolewa Mwanza mwaka 2004, baba alifika bandarini na begi lake na suti, akasikia umeme umekatika mji mzima, akahofia majokofu ya dukani, akasimama kitambo akiitazama meli, kisha akarudi dukani. Mama Vestina alimwambia aliporudi kutoka harusini, "Wewe hukunioa mimi, uliolewa na jibini."

Na mji nao ukamfunga kwa namna yake. Jina la Muuza Jibini lilikuwa refu kwa watu wenye haraka, likafupishwa likawa Jibini. Jibini kafungua, Jibini anaumwa, mpelekee Jibini maziwa, hata kanisani aliitwa hivyo akaitika, ingawa nyumbani alilalamika kwamba mtu akiitwa kwa jina la bidhaa yake, siku moja watashindwa kumtofautisha nayo.

Siku hiyo ilikuja tarehe 10 Septemba 2016. Tetemeko la ardhi lilipopiga alasiri, Protase alikuwa chumba cha nyuma, ukuta ukaangukia mlango na rafu zikamlalia miguuni. Nje, jirani yake Evodia, fundi cherehani, alipiga kelele, "Jibini! Jibini bado ndani!" na kijana mmoja wa kujitolea, mgeni wa mtaa ule, akamjibu akipita mbio, "Mama, jibini itapatikana nyingine, sisi tunatafuta watu!" Wakaenda nyumba ya pili. Protase aliyasikia yote mle gizani.

Alikuwa na kisu mkononi, angeweza kugonga mawe, lakini hakugonga. Miaka mingi baadaye alimwambia mkewe kwamba wakati ule, vumbi likiwa mdomoni, aliona kwamba kwa mara ya kwanza tangu ujana wake hakuna anayemngoja, hakuna kinachotaka kugeuzwa, na akapumzika. Kilichomwogopesha si kufa, ni jinsi alivyokuwa hataki kutoka. Ndipo akamsikia Evodia akimkamata yule kijana shati na kulia, "Ni mtu, waitu, jamani! Ni mwanamume, ana mke, ni muuza jibini!" Kijana akauliza, "Anaitwa nani tumwite?" Evodia akanyamaza. Miaka ishirini na tisa ya kupakana ukuta, na hakulijua jina lake. Katika kimya hicho Protase akagonga, akajitaja mwenyewe, "Protase! Protase Kahangwa!" mara nyingi, mpaka wakamfikia kabla jua halijazama.

Mguu wa kushoto haukupona. Duka halikufunguliwa tena, na aliyefungwa na kazi sasa akafungwa na kiti, kwenye baraza ya Kitendaguro, karibu miaka tisa, akiwaona watu wanapita. Hatutasema aliizoea hali hiyo, hakuizoea. Ila Evodia alikuja kila Jumapili baada ya misa, akabisha hodi akimwita mzee kwa jina lake kamili, na uso wa mzee ulichangamka.

Mwezi Juni mwaka huu 2025 moyo ulianza kudhoofika, akalazwa Bukoba, akaomba kurudishwa nyumbani, na tarehe 9 Agosti, saa tisa alasiri, alifariki, Mama Vestina akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wote wa Kitendaguro, waliokuwa wateja wake, masista, na yule kijana wa kujitolea, ambaye amefika leo na amesimama pale nyuma.

Nenda polepole, Protase. Huna haraka ya kurudi.